Tuanze na mkono wa mwanafunzi

Tarehe 17 Novemba 2025, katika Kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, Ton Koopman, mpiga kinanda Mholanzi mwenye umri wa miaka 81, alipiga vipande viwili ambavyo sasa vimeingizwa katika orodha rasmi ya kazi za mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach kwa namba BWV 1178 na 1179. Habari ikazunguka dunia: muziki wa Bach uliopotea kwa miaka 320 umepatikana. Niliisoma kwa furaha, maana muziki huu naupenda tangu ujana, lakini furaha ikachanganyika na masikitiko. Tulichochorewa ni picha ya hazina iliyofukuliwa, kana kwamba mtu alivunja ukuta akakuta sanduku. Karatasi zenyewe hazikuwa zimepotea. Zilikuwa Brussels, katika Maktaba ya Kifalme ya Ubelgiji, zimetunzwa vizuri, na Peter Wollny, ambaye leo ni mkurugenzi wa Hifadhi ya Nyaraka za Bach mjini Leipzig, alizikuta huko mwaka 1992. Hazikuwa na tarehe wala saini. Kwa zaidi ya miaka 30 alizunguka na swali moja: huu ni mwandiko wa nani?

Jibu lililopatikana ni Salomon Günther John, kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Bach mjini Arnstadt mnamo 1705. Katika taarifa nyingi nilizosoma jina lake limetajwa mara moja, mwishoni, kama jina la dereva aliyemleta mgeni rasmi. Naona hapo ndipo habari ilipogeuzwa kichwa chini miguu juu. Bach hapungukiwi sifa. Kilichotokea Leipzig ni kwamba mwanafunzi aliyekaa mezani akanakili kazi ya mwalimu wake ametambuliwa kwa jina, na kwa kutambuliwa yeye, muziki umepata baba. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya urithi wa Bach imetufikia kupitia mikono ya aina hiyo: wanafunzi, kaka, mke, watoto, marafiki. Tukiendelea kusimulia habari zake kama habari za gwiji mmoja na masanduku yaliyofichika, tutaendelea kuamini kwamba kazi nzuri hujitunza yenyewe kwa sababu ni nzuri. Haijitunzi.

Tumfuate Bach mwenyewe tangu utotoni. Alizaliwa Eisenach mwaka 1685, mtoto wa mwisho katika ukoo ambao muziki ulikuwa kazi yao kama ilivyo useremala kwa koo nyingine. Mama alifariki 1694, baba akafuata 1695, na mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi akabaki yatima. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda wa mji wa Ohrdruf. Katika taazia iliyochapwa 1754, iliyoandikwa na mwanawe Carl Philipp Emanuel pamoja na Johann Friedrich Agricola, kuna kisa ambacho wapenzi wa Bach wanakijua vizuri. Kaka alikuwa na kitabu cha vipande vya watunzi mashuhuri wa wakati ule, Froberger, Kerll na Pachelbel, amekifungia kwenye kabati lenye mlango wa vyuma vya kusukana. Mtoto akapitisha mkono mdogo kwenye matundu, akakikunja kitabu humohumo, akakitoa, na kwa kuwa hakuruhusiwa hata taa, akanakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa miezi sita. Alipomaliza, kaka akagundua, akamnyang'anya nakala yake.

Kisa hiki husimuliwa kuonyesha kiu ya kipaji kichanga. Ni sawa, lakini angalia kijana alikuwa anafanya nini: alikuwa ananakili. Hakukuwa na shule nyingine ya utunzi iliyozidi hiyo. Ukiandika nota za mtu kwa mkono wako, moja baada ya moja, unalazimika kupita alimopita yeye, usikie mahali alipotaka kwenda kushoto akaenda kulia. Mwaka 2006 watafiti Michael Maul na Wollny walitangaza kwamba katika maktaba ya Duchess Anna Amalia mjini Weimar wametambua miandiko ya kale kuliko yote tuliyo nayo ya Bach, na wala si tungo zake. Ni nakala alizoandika akiwa kijana, za kazi za Buxtehude na Reinken, watunzi wa kaskazini mwa Ujerumani, na ile ya Reinken ina mwaka wake, 1700. Alama za kwanza kabisa za kalamu ya Bach tulizo nazo ni za mnakili.

Kuna upande wa pili wa kisa cha Ohrdruf ambao husimuliwa mara chache, na mimi hunigusa zaidi kuliko mbalamwezi. Yule kaka aliyemnyang'anya mdogo wake nakala ndiye baadaye aliyejaza vitabu viwili vikubwa kwa mkono wake, ambavyo wataalamu huviita mkusanyo wa Möller na kitabu cha Andreas Bach. Ndani yake, kati ya kazi za watunzi waliokwisha kupata majina, aliandika kazi za mdogo wake aliyekuwa bado kijana. Mle imo Passacaglia katika C ndogo, BWV 582, mojawapo ya kazi kubwa kuliko zote zilizowahi kutungiwa kinanda. Mwandiko wa Bach mwenyewe wa kazi hiyo haupo tena. Kaka mkali aliyefunga kabati ni miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuona kwamba mdogo wake anastahili kuhifadhiwa.

Passacaglia ile inatusaidia kuelewa vipande vya Brussels, maana ni ndugu. Vyote viwili vinaitwa ciacona. Ciacona ilianza kama ngoma ya kuchezwa huko Uhispania na makoloni yake mnamo mwaka 1600, ngoma iliyosemwa kuwa haina adabu, kisha watunzi wakaichukua na kuituliza. Besi fupi inarudiwa tena na tena, na juu yake sauti nyingine zinabadilika kila mzunguko. Yeyote aliyeimba kwaya anajua utamu wake: besi wameshika njia moja, hawayumbi, na kwa sababu hiyo walio juu wana uhuru wa kutembea. Bach wa 1705 alikuwa na miaka 20, mpiga kinanda wa Kanisa Jipya la Arnstadt, mwenye kinanda kipya na hasira za karibu; mwaka huohuo aligombana barabarani na mwanafunzi mpiga bason, ala ya kupuliza yenye sauti nzito. Majira ya baridi yalipoanza aliomba ruhusa ya wiki nne kwenda Lübeck kumsikiliza Buxtehude, karibu kilomita 400, akarudi baada ya miezi mitatu na zaidi. Wakuu wa kanisa walikasirika. Huyo ndiye mwalimu ambaye John alikaa naye.

Sasa twende Leipzig, ambako Bach alifanya kazi tangu 1723 hadi kifo chake mwaka 1750, maana hapo ndipo unakili ulikuwa kiwanda. Kila Jumapili ilidai kantata, muziki wa kwaya na ala wa dakika 20 au zaidi, na katika miaka ya mwanzo nyingi zilikuwa mpya. Bach aliandika muziki wote kwenye karatasi moja kubwa, sauti zote zikipangwa juu na chini. Lakini mwimbaji wa sauti ya teno haimbi kutoka kwenye karatasi hiyo, wala mpiga fidla. Kila mmoja anahitaji karatasi yake. Hapo wanaingia vijana wa Shule ya Thomas. Anayeaminika zaidi anachukua karatasi ya mwalimu na kutoa seti ya kwanza. Wengine wananakili nakala za ziada za fidla na besi kutoka kwake. Ukitazama karatasi hizo leo, na nyingi zimewekwa kwenye intaneti kila mtu azione, unakuta mwandiko uliokomaa unakatika katikati ya ukurasa, kisha unaendelea mwandiko wa mtoto, vichwa vya nota vimekuwa vikubwa, mikia imekwenda upande. Halafu hapa na pale, kwa wino tofauti kidogo, mkono wa Bach umepita kurekebisha nota moja, kuongeza alama ya kupaza au kupunguza. Na Jumapili asubuhi watu wanaimba.

Wataalamu wa karne ya 19 hawakuyapa makaratasi hayo uzito huo. Philipp Spitta, aliyeandika wasifu mkubwa wa Bach, alizipanga kantata nyingi katika miaka ya uzeeni, na ikakubalika kwamba Bach aliandika muziki wa kanisa taratibu mpaka kaburini. Katika miaka ya 1950 Alfred Dürr na Georg von Dadelsen walikaa chini na kazi inayochosha: kulinganisha alama zilizomo ndani ya karatasi, zile zinazoonekana ukiinua kwenye mwanga, na kulinganisha mikono ya wanakili, huyu alianza lini, aliacha lini, mkono wake ulibadilikaje. Yule aliyeitwa tu Mnakili Mkuu A alitambuliwa kuwa Johann Andreas Kuhnau, kijana wa ukoo wa mtangulizi wa Bach. Matokeo yalibomoa tarehe za zamani. Sehemu kubwa ya kantata za Leipzig ilitungwa katika miaka michache ya mwanzo, kuanzia 1723 hadi karibu 1727, kwa kasi inayotisha. Sura nzima ya maisha ya mtu huyu ilibadilika kwa sababu watu wawili waliwachukulia watoto wa shule na kalamu zao kwa uzito.

Nakubali kuna hoja nzito dhidi ya mshangilio wa Novemba, na haifai kuzipuuza. Wenye shaka husema: mwandiko wa mwanafunzi hauthibitishi kwamba kazi ni ya mwalimu. Wana haki. Bach mwenyewe, kama tulivyoona, alinakili kazi za wengine, na John naye angeweza kunakili chochote kilichokuwa mezani Arnstadt. Tumewahi kuumia. Menuet katika G kubwa ambayo watoto wa kinanda duniani kote walifundishwa kuwa ni ya Bach ni ya Christian Petzold. Ilikaa katika kitabu cha Anna Magdalena cha 1725 bila jina la mtunzi, na watu wakajaza jina wenyewe. Toccata na Fuga katika D ndogo, BWV 565, ile ambayo hata asiyejua Bach anaijua, imetufikia kwa nakala ya Johannes Ringk, na tangu Peter Williams alipoandika juu yake mwaka 1981 kumekuwa na mjadala kama kweli ni ya Bach. Kwa hiyo mwandiko unakufikisha mlangoni kwa Bach. Ndani unaingia kwa kusikiliza muziki wenyewe, besi inavyotendewa, jinsi kijana huyo anavyoshindwa kukubali kwamba mzunguko umeisha. Wollny alingoja miongo mitatu mpaka ushahidi wote wawili ukutane. Mimi nauamini uamuzi wake, na nauamini zaidi kwa sababu alingoja. Mtu akija kesho na ushahidi mwingine, namba katika orodha zinaweza kubadilika tena, na hilo halitakuwa aibu kwa mtu yeyote.

Hoja nyingine ni ya kumpandisha mnakili cheo kisicho chake. Kazi sita za selo pekee (ala ya nyuzi ya jamii ya fidla, kubwa zaidi), ambazo leo kila mpiga selo huzibeba maisha yake yote, hazina mwandiko wa Bach. Tunazo kwa nakala ya Johann Peter Kellner na kwa nakala ya Anna Magdalena, mke wa pili wa Bach, mwimbaji wa kulipwa wa kasri la Köthen kabla ya kuwa mama wa watoto 13. Mwandiko wake unafanana na wa mumewe kiasi kwamba kwa muda mrefu karatasi zake nyingi zilidhaniwa kuwa za mume. Miaka kadhaa iliyopita mwanamuziki mmoja aliyefundisha Australia alidai kwamba Anna Magdalena ndiye aliyetunga kazi zile. Wataalamu wengi sana waliikataa hoja hiyo, na ushahidi wake ni mwepesi kweli. Lakini naelewa ilikotoka, na inanisikitisha. Ni kana kwamba hatuna njia ya kumheshimu mwanamke huyu isipokuwa kwa kumfanya mtunzi. Je, haitoshi kwamba, kati ya kunyonyesha, kuzika watoto na kulisha nyumba iliyojaa wanafunzi, alikaa akaandika kurasa hizo nota kwa nota? Mipinde aliyoiweka juu ya nota si wazi kila mahali, na wapiga selo wanabishana hadi leo wapi upinde uanze na wapi uishe. Wanabishana kwa sababu alituachia cha kubishania. Alifariki mwaka 1760, mjane anayeishi kwa sadaka ya mji.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayopendwa zaidi: kwamba Bach alisahauliwa kabisa, akafufuliwa na Felix Mendelssohn tarehe 11 Machi 1829, kijana huyo wa miaka 20 alipoongoza muziki wa Bach wa Mateso kwa Mujibu wa Mathayo mjini Berlin. Simulizi hiyo ni nzuri na ina chembe ya kweli, maana kantata na Mateso yalikuwa hayasikiki hadharani. Lakini sikiliza. Mwaka 1783 gazeti moja la muziki liliandika habari za mtoto wa Bonn, Beethoven, kwamba kinachompa sifa ni kupiga sehemu kubwa ya vile vitangulizi na fuga (tungo ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine kwa wazo lilelile) za Bach katika funguo zote 24. Kitabu hicho kilichapwa 1801. Mtoto yule alijifunza kutoka nakala za mkono. Mwaka 1782 Mozart alikuwa anakwenda kila Jumapili kwa Baron van Swieten mjini Vienna, wanapiga Handel na Bach, na fuga za Bach walizokuwa nazo zilikuwa za mkono vilevile. Na Mendelssohn alipata wapi Mateso? Bibi yake alimzawadia nakala, na aliyeiandika ni rafiki yake mpiga fidla, Eduard Rietz, ambaye ndiye aliyekaa kiti cha kwanza cha fidla usiku ule wa 1829. Anayesema Bach alikufa akafufuliwa amewafuta watu wa miaka 79 waliokuwa wanapokezana karatasi.

Mahali mnyororo ulipokatika, kimya ni kikubwa. Taazia inasema Bach aliacha kantata za miaka mitano kamili ya kanisa. Za kanisani zilizobaki ni takriban 200, maana yake nyingi zimekwenda. Miswada iligawanywa baada ya kifo. Sehemu iliyokwenda kwa Carl Philipp Emanuel ilitunzwa. Wilhelm Friedemann, mtoto mkubwa, mwenye kipaji na mwenye shida, aliuza sehemu yake ikatawanyika. Karatasi za kantata za nyimbo za tenzi, ambazo mjane alizikabidhi, zilibaki Shule ya Thomas, na kwa hiyo tunazo. Mateso kwa Mujibu wa Marko ya 1731 tunayo maneno yake tu, muziki umepotea. Ukweli kwamba kazi ni ya Bach haukuikinga na panya wala moto wala mfanyabiashara anayehitaji karatasi.

Leipzig haiko mbali nasi kama ramani inavyodai. Wamisionari wa Misheni ya Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na walibeba tenzi zilezile ambazo Bach alizipangia sauti nne. Ule wimbo wa Ijumaa Kuu unaosikika mara tano katika Mateso ya Mathayo, ambao tuni yake Hans Leo Hassler aliitunga awali kwa maneno ya mapenzi, unaimbwa Machame na Marangu kwa Kiswahili, mara nyingine na matarumbeta. Mimi nilijifunzia besi katika kwaya ya usharika wa huko. Mwalimu wetu alikuwa na kaunta buku sita za nota za solfa, kazi za wengine na zake mwenyewe, na sisi tulinakili: d, m, s, koloni hapa, nukta pale, mstari chini ya herufi. Nukta moja ikiruka, besi wote wanachelewa pigo, naye anakuja kimya na kalamu nyekundu. Alipofariki niliziulizia kaunta buku zile. Zilikuwa zimewekwa chini ya kitanda kwenye boksi, maji ya mvua yakaingia. Za wengine zinapatikana popote. Nyimbo zake yeye zimebaki zile tulizonakili sisi vijana wawili watatu, na nimegundua katika nyingine nilinakili besi tu, kwa sababu nilikuwa mwimbaji wa besi.

Kwaya zetu, za Kilutheri, Kikatoliki, Kimoraviani, Kianglikana, zina watunzi wa namna hiyo kila wilaya, na kazi zao ziko kwenye daftari moja, nakala moja. Wengi watasema hawa si akina Bach. Swali hilo linaulizwa mapema mno. Mwaka 1706 wakuu wa kanisa la Arnstadt nao walikuwa na kijana mtovu wa nidhamu ambaye upigaji wake, walilalamika, unawachanganya waumini. Kati ya waliomzunguka alikuwepo mmoja aliyechukua karatasi na wino bila kungoja uamuzi wa vizazi. Leo usharika wenye simu moja yenye kamera unaweza kupiga picha kaunta buku yote kabla ya ibada kuanza, sauti zote nne, na kuandika jina la mtunzi, jina la aliyenakili na mwaka. Idara za muziki za vyuo vyetu zingeweza kupokea picha hizo na kuzitunza kwa bei ndogo kuliko ya tamasha moja. Na jina la mnakili liandikwe kweli, maana ndilo lililokosekana Brussels.

Katika karatasi za Leipzig bado kuna mikono mingi ambayo haina majina. Wataalamu wameipa herufi na namba, wanaifuata kutoka kantata hadi kantata: huyu anaandika alama ya mapumziko kwa namna yake, yule ufunguo wake wa besi umejikunja kama sikio. Baadhi walikuwa na miaka 13 au 14. Siku ile ya Novemba mzee wa miaka 81 alikuwa anapiga alichoandika mmoja wa aina yao, na besi ilikuwa inarudi, inarudi tena.